Kiti cha Muderhwa

Kigali, 14 Februari 2000

Shemeji Mukundwa,

Salamu kwako na kwa watoto. Labda hunikumbuki. Mimi ni Cassien Harerimana, yule mwenye miwani aliyeteleza kwenye matope siku tulipomzika mumeo Nyakarenzo, ukanipa kitambaa cha kujifutia. Nilisoma na Habineza chuo kikuu kule Zaire. Tulikaa chumba kimoja miaka minne, kitanda chake juu, changu chini, na usiku alikuwa akinidondoshea vitabu kichwani.

Nakuandikia kwa jambo jema. Umoja wa wahitimu wa chuo chetu unatoa kitabu cha wahitimu mashuhuri. Unajua chuo kile ni cha serikali, kikubwa, kimetoa watu kama mchanga: mawaziri, madaktari, wahandisi, hata wanamuziki wawili. Kitabu kitachukua mia moja tu. Mimi ndiye katibu wa majina ya upande huu wa maziwa, na jina la kwanza nililoliweka mezani ni la Habineza, kwa kazi yake ya mihogo. Komite imekubali.

Naomba unitumie foto yake na maelezo ya maisha yake. Usisahau kuandika vizuri habari ya jina la Muderhwa, jinsi alivyolipata na jinsi alivyosoma nalo. Wewe ulisikia kwa mdomo wake zaidi yangu. Zamani tulikuwa tunaficha mambo hayo. Sasa tuko nyumbani, hatuna wa kumficha tena.

Kitabu kitachapishwa Nairobi mwezi wa saba. Kitapelekwa Kinshasa, Goma, Bukavu, Bujumbura, na majina yatasomwa redioni.

Wako,
Cassien Harerimana


Kamembe, 27 Februari 2000

Shemeji Cassien,

Nakukumbuka. Kitambaa hukurudisha.

Samahani kwa kuchelewa. Niyonsenga anaota meno na analia kila nikimweka chini. Barua hii naiandika juu ya cherehani, yeye mgongoni, na sare za shule za watu zinaningoja. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu nilikulia Uvira, na Kifaransa changu kiliishia kidato cha tatu.

Umenifurahisha, siwezi kusema kwa kiasi gani. Izabayo ana miaka mitano. Anamkumbuka baba yake kwa buti tu, maana zipo bado nyuma ya mlango. Nilipomwambia baba atakuwa ndani ya kitabu aliuliza: "Ataingiaje?" Nikamwambia subiri utaona. Sasa shule nzima ya watoto wadogo inajua.

Habari ya jina ni hii, kama alivyonieleza mwenyewe.

Habineza na Muderhwa walisoma pamoja sekondari ya mapadri kule Kivu. Habineza mtoto wa wakimbizi wa Rwanda, Muderhwa mtu wa kabila la Washi, wa pale pale mlimani. Mwaka wa sabini na sita walifanya mtihani wa serikali, wote wawili wakafaulu. Muderhwa alipewa nafasi chuo kikuu, kitivo cha kilimo. Habineza hakupewa, maana ni Mnyarwanda, unajua. Likizo ile Muderhwa akashikwa na homa, wakamshusha hospitali Bukavu, akafa. Hakuwa amemaliza miaka kumi na tisa.

Baba yake ndiye aliyekuja kwa kina Habineza, kwa miguu, na karatasi za mtoto ndani ya koti la mvua. Akasema: "Kiti kimekwisha kupatikana. Kisikae bure." Hakusema lingine, na hakutaka kitu. Habineza akaenda chuo akiwa Muderhwa, akahitimu akiwa Muderhwa, mpaka tuliporudi huku mwaka wa tisini na nne ndipo akavaa tena jina lake.

Mihogo unaijua. Ugonjwa wa batobato ulipokausha mashamba, majani yamejikunja yote, yeye ndiye aliyetembea milimani akatafuta aina isiyoshikwa, akaleta pingili mgongoni, akazigawa Nyakabuye na bonde lote la Bugarama. Mpaka leo sokoni ukitaka unga mzuri unauliza, "Ni wa Habineza?" Wanasema hivyo bila kujua alikuwa na sura gani.

Foto ni ile ya harusi, nimekata upande wangu. Nirudishie.

Shemeji yako,
Mukundwa


Kamembe, 5 Machi 2000

Maman Védastine,

Mimi ni Mukundwa, mke wa Habineza. Barua hii inakuja na Zulaikha, jirani yangu anayevuka daraja la mpakani kuja huko Bukavu kila siku na vitenge vyake. Mwamini, anaongea sana lakini hafungui barua za watu.

Tangu tumzike Habineza sijaweza kuvuka kukuona. Nisamehe. Mtoto mdogo, kazi, na njia yenyewe unaijua.

Nina habari ya furaha. Chuo kikuu alikosoma kinaandika kitabu cha watu wake mashuhuri na Habineza yumo. Nimewaandikia kila kitu: jinsi Papa alivyokuja na karatasi ndani ya koti, na maneno aliyosema. Jina la mtoto wako Muderhwa litaandikwa pale pale kando ya lake. Kitabu kitafika mpaka Bukavu, na redioni watasoma. Dunia nzima itajua wema mliotufanyia.

Nakukumbatia wewe na binti yako Patricie.

Binti yako,
Mukundwa


Bukavu, 9 Machi 2000

Mukundwa,

Barua nimepata, nimesoma, nimeweka kwa moto.

Ondoa ile jina.

Mutoto wangu, muko mbali hata kama ni ng'ambo ya daraja tu. Hapa ni vita. Mwaka jana sokoni balichoma meza ya mama mmoja juu ya dada yake aliolewa na Munyarwanda. Dada tu. Mimi mutasema nilimupa Munyarwanda jina, diploma, kiti cha chuo? Kwa redio? Patricie anauza kwa soko ileile, meza ya pili toka ile ilichomwa. Na kule mlimani kwetu ndugu za bwana yangu bangali banaishi, na bale benye bunduki banapita kwao kila wiki.

Habineza mwenyewe alijua. Kila mara alikuja kwetu alisema kwa bantu: "Mimi rafiki ya Muderhwa, amenituma salamu." Hakusema lingine, hata siku moja.

Usiniandikie tena mpaka umeondoa.

Védastine


Kamembe, 11 Machi 2000

Shemeji Cassien,

Naomba uyatoe yale yote niliyokuandikia juu ya Muderhwa. Nilikosea, na wewe ulikosea kuniomba. Wewe ulisema hatuna wa kumficha tena. Sisi hatuna, ni kweli. Lakini mama yake Muderhwa hajarudi nyumbani kama sisi, kwa sababu yeye nyumbani kwake ni kule kule. Yuko Bukavu leo, na binti yake anauza sokoni Bukavu leo. Kitabu kikifika huko na habari ile, watasema familia hiyo ilimlea Mnyarwanda kwa siri. Si lazima nikueleze wanaosemwa hivyo wanafanywa nini.

Acha foto, acha mihogo. Toa jina.

Tafadhali jibu haraka. Basi la Kigali linatoka hapa kila asubuhi na dereva anachukua barua.

Mukundwa


Kigali, 30 Machi 2000

Shemeji Mukundwa,

Barua yako imenikuta nimekwisha kusoma ile ya kwanza mbele ya komite. Lazima nikwambie ukweli: watu wazima walitoa vitambaa. Mwenyekiti wetu, Mzee Twagirayezu, alisema habari ya koti la mvua ndiyo bora kuliko zote mia, na ameamua iwe ukurasa wa kwanza. Kurasa zimekwisha kupangwa.

Naelewa hofu ya yule mama. Lakini fikiri: vita vitakwisha, kitabu kitabaki. Siku moja Washi na Wanyarwanda watahitaji kusoma kwamba mzee mmoja alitembea kwa miguu kumpa jirani kiti cha mwanawe. Tukiificha, nani ataijua?

Tena, bila jina la Muderhwa sina namna. Kwenye orodha ya chuo hakuna Habineza aliyehitimu kilimo mwaka ule. Nikimweka hivi hivi, wenzetu wa Kinshasa watasema tumeingiza mtu ambaye hakusoma.

Nakuuliza kwa heshima: kuna mtu anakusukuma? Wakwe? Kuna wanaoona aibu kwamba mtoto wao alisoma kwa jina la wengine. Si aibu. Sisi wengi tulifanya hivyo.

Pumzika. Mambo haya tuachie sisi.

Cassien


Kamembe, 4 Aprili 2000

Shemeji,

Hakuna anayenisukuma. Mtu wa kunisukuma angenikuta nimekwisha kutangulia.

Unasema vita vitakwisha, kitabu kitabaki. Maman Védastine ana miaka karibu sabini. Yeye na Patricie wanatakiwa kubaki nao pia.

Nyinyi mlitoa vitambaa. Vizuri. Mfute machozi, kisha mtoe jina.

Mnakutana lini tena? Dereva amesema ofisi yenu anaijua. Nitakuja.

Mukundwa


Kigali, 22 Mei 2000

Shemeji Mukundwa,

Natumaini ulifika salama, na kwamba Niyonsenga hakutapika msitu wote wa Nyungwe kama wakati wa kuja.

Tangu uondoke ofisini hatuzungumzi kingine. Mzee Twagirayezu anamsimulia kila anayeingia. "Nikamwambia, Mama, hapa ni mkutano, mtoto anyonyeshewe nje. Akaniambia, Mzee, hata yeye yuko kwenye mkutano, na wake una ajenda." Anacheka mpaka anakohoa. Lakini nakwambia pia kwamba ulipomuuliza, "Mzee, wewe karatasi zako za chuo zilikuwa na jina la nani, na huyo mtu yuko wapi leo?" aliinamisha kichwa. Ulipotoka alikwenda dirishani. Kisha akasema: "Yuko Masisi, kule Kivu. Kama angali hai." Akachukua kurasa zake mwenyewe, akafuta mistari mitatu.

Basi tumeamua hivi. Muderhwa anatoka. Habineza anabaki, kwa jina lake, na foto yake. Kwa habari ya orodha ya chuo, tumepatikana watatu tuliosoma naye darasa moja, na tutaweka sahihi kwamba tulimwona kwa macho akihitimu. Kinshasa watakubali, Mzee amewapigia simu.

Mimi nakuomba radhi. Siku zile tulipokuwa tunajificha tulijua kabisa nani yuko hatarini kwa ajili yetu. Tulipoacha kujificha tukasahau kwamba yeye hakuhama.

Mwambie Izabayo baba yake ameingia.

Cassien


Kamembe, 28 Mei 2000

Maman Védastine,

Uliniambia nisikuandikie mpaka nimeondoa. Nimeondoa. Nilikwenda mwenyewe Kigali na mtoto mgongoni, na sasa wameniandikia kwamba wamefuta, barua yao ninayo. Kitabu kitasema Habineza tu. Hakuna neno juu ya Muderhwa, wala Papa, wala mlima wenu. Lala usingizi.

Nisamehe kwa kukutisha. Nilifikiri nakuletea furaha.

Zulaikha anakuletea unga. Ni wa ile mihogo.

Mukundwa


Bukavu, 6 Juni 2000

Mukundwa mutoto wangu,

Asante. Unga tumepika, ni muzuri, haina uchungu. Zulaikha amekaa kwetu tangu saa nne mpaka saa saba, amenieleza bwana yake, na mukubwa wa bwana yake, na mbuzi ya mukubwa wa bwana yake. Nimecheka. Ilikuwa siku mingi.

Sasa nikuambie kitu, si kwa kukuomba. Ni kusema tu, juu ya vile wewe umekwenda Kigali kwa ajili yetu, na Papa hayuko tena wa kunikataza.

Muderhwa wangu sikumulilia.

Alipokufa kwa hospitali tulikuwa babili tu, mimi na baba yake. Tulimuzika palepale Bukavu. Baba yake akaniambia: "Védastine, tukirudi mlimani hakuna kulia. Ukimulilia, bantu batajua amekufa. Bakijua amekufa, karatasi nayo inakufa, na yule mutoto mwingine anabaki kando ya njia." Nikakubali. Nilimupenda Habineza pia, alikula kwangu. Tulirudi, tukasema Muderhwa ameshuka masomo. Nikaenda shamba kesho yake. Hatukukaa matanga. Kwa misa ya marehemu, kila mwezi wa kumi na moja, padri anasoma majina ya marehemu ba kila nyumba. Jina yake sikupeleka. Tangu sabini na sita, sijaisikia kanisani hata mara moja.

Kisha miaka ikapita. Bantu banauliza: "Mutoto wako wa université, harudi?" Nasema ana kazi mingi. Jirani yetu wa mlimani, ule Cibalonza, alikuwa ananiambia kwa kisima: "Maman, yako alikula diploma akashiba, amesahau mwenye alimupikia." Hata tuliposhuka kuishi hapa Bukavu, bale ba mlimani balituletea ile habari nyuma yetu. Mpaka leo najulikana hivyo: mama ya mutoto mwenye alimukataa. Na yeye alikuwa mutoto muzuri, Mukundwa. Alikuwa ananichotea maji bila kuitwa.

Nilifikiri Habineza atanizika mimi, na kwa matanga yangu atasema kweli. Akatangulia.

Basi, Habineza ameingia kwa kitabu, vizuri. Muderhwa aendelee kusoma. Amezoea.

Salimia batoto.

Védastine


Kamembe, 12 Juni 2000

Maman,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Sikuweza kushona.

Nina swali moja, nijibu ndiyo au hapana, na ukisema hapana sitauliza tena.

Kitabu kikisema hivi: Muderhwa, wa Kivu, alisoma kilimo chuo kikuu, alihitimu, alifanya kazi ya kuokoa mihogo, alifariki mwaka 1999. Kisiseme Habineza popote. Kisiseme Rwanda. Hakuna foto. Redioni wasome hivyo hivyo. Je, itakuletea hatari? Na ukiwa na kitabu hicho mkononi, unaweza kupeleka jina lake kwa padri?

Mukundwa


Bukavu, 14 Juni 2000

Mukundwa,

Hatari haipo. Hiyo bantu banaijua nusu, batajua nusu ingine.

Kwa padri, ndiyo.

Lakini bwana yako? Na mutoto wako mwenye anangojea kuona baba?

Védastine


Kamembe, 17 Juni 2000

Shemeji Cassien,

Kaa chini kwanza.

Nataka ubadilishe tena. Toa Habineza, weka Muderhwa. Nimekuandikia maneno yote kwenye karatasi ya pili, usiongeze chumvi. Foto nirudishie.

Najua utasema nini. Utasema nilikuja Kigali na mtoto anatapika, nikapigania jina moja litoke, na sasa naomba lirudi na la mume wangu ndilo litoke. Ndiyo. Nakuambatanishia barua ya mama yake Muderhwa, soma peke yako, usiisome mbele ya komite, kisha ichome. Ukimaliza hutaniuliza kwa nini.

Utasema pia ni uongo. Nimefikiri sana, nikiosha, nikishona. Aliyefaulu mtihani na kupewa kiti ni Muderhwa. Aliyekaa kwenye kiti ni Habineza, lakini kila profesa aliyemwita alimwita Muderhwa, na diploma imeandikwa Muderhwa. Chuo chenyewe hakimjui mwingine. Wewe uliniandikia hivyo mwezi wa tatu, barua ninayo. Sasa umwandike mhitimu kwa jina ambalo chuo kinalijua, na sahihi zenu tatu mkae nazo.

Habineza ana mihogo. Kila siku ya soko watu wanamtaja wakitia unga kwenye ndoo. Ana kaburi Nyakarenzo lenye msalaba na jina, misa alisomewa, na ana watoto wawili wanaofanana naye mpaka masikio. Muderhwa hana chochote. Hata kuliliwa hakuliliwa.

Izabayo nimemwambia. Nilimketisha kwenye kiti cha cherehani, anachokipenda, nikamwambia baba ametoka kwenye kitabu kumpisha rafiki yake. Alikasirika. Alisema, "Basi amwambie rafiki asogee, wakae wawili." Nikamwambia haiwezekani sasa, labda ukiwa mkubwa. Alinuna siku nzima na chakula akakataa, nami nikamwacha anune, ni haki yake. Jioni akaja kuniuliza kama huyo rafiki alikuwa mzuri. Nikasema alikuwa anachota maji bila kuitwa. Akasema, "Hata mimi naweza." Hajachota bado.

Mimi mwenyewe usinihurumie. Sikwambii haikuuma.

Mukundwa


Kigali, 3 Agosti 2000

Shemeji Mukundwa,

Vitabu hivi hapa, viwili: kimoja chako, kimoja cha kuvushwa. Barua ya yule mama niliisoma, nikaichoma, kama ulivyosema. 

Ugomvi na komite ulikuwa mkubwa. Mmoja alipiga meza: "Tunamtoa mtu aliyefanya kazi, tunamweka ambaye hakukanyaga darasani!" Mzee Twagirayezu akamjibu, "Keti. Wewe ulikanyaga darasani kwa viatu vya nani?" Ikaishia hapo.

Mimi nimelala chini ya kitanda cha Habineza miaka minne, na sasa, kama katibu, nimeweka sahihi kwamba mtu wa kitanda kile aliitwa Muderhwa. Ajabu ni kwamba chuoni ndivyo nilivyokuwa namwita. Ilikuwa hatari kumwita vingine.

Ukurasa ni wa arobaini na moja. Uliniambia nisiongeze chumvi. Nimeongeza neno moja, utaliona:

"MUDERHWA, wa Kivu. Alihitimu kilimo. Alitafuta na kueneza mihogo isiyoshikwa na batobato, na familia nyingi za mpakani zinakula kwa kazi yake. Alifariki mwaka 1999. Ameacha mama, mjane na watoto wawili."

Neno langu ni "mama".

Foto imo ndani ya kitabu chako. Na kitambaa nimekifua.

Cassien


Bukavu, 5 Novemba 2000

Mukundwa mutoto wangu,

Natumaini mulivuka muzuri jana na batoto habakuloa. Niliwaangalia toka juu mpaka mulipotea kwa daraja.

Nakuandikia sababu kwa kilio hatukupata nafasi ya kusema, nyumba ilijaa. Uliona. Balikuja ba mlimani, balikuja ba soko. Hata Cibalonza alishuka kwa miguu na lundo ya kuni kwa kichwa, akaiweka kwa mlango, akakaa chini. Kisha akasema, "Maman, kumbe alikuwa anafanya kazi kweli." Nikamuambia, "Ndiyo. Kazi mingi." Nikamupa chai. Sikumukumbusha kisima. Atakumbuka yeye mwenyewe.

Patricie alisoma ukurasa kwa sauti mara tatu, kila mara bengine bakiingia. Bote baliuliza, "Na bajukuu?" Nikaonyesha kidole: bale pale. Hakuna mwenye aliuliza munatoka wapi. Kiswahili yako ni ya huku, na macho yako ya kuchoka ni ya kila mama. Ulikuwa mujane wa mutoto wangu, basi. Izabayo alichota maji ya bageni ndoo ndogo mbili, nani alimutuma? Nilipomuona na ile ndoo nilishika ukuta.

Sasa neno ya kanisani, ndiyo nilitaka kukuambia.

Padri akaanza majina ya marehemu. Alisoma majina ya nyumba ya jirani, ya pili, ya tatu. Halafu akasema: Muderhwa. Sauti ya kawaida tu, kama bengine. Nikalia kilio ya miaka yote ile, Patricie akanishika kiuno. Nikasikia nyuma yangu na wewe unalia, sana, mpaka mutoto mdogo akaanza naye.

Bantu baligeuka, bakasema, masikini, analilia bwana yake. Na ilikuwa kweli, ulikuwa unalilia bwana yako. Na mimi nilikuwa nalilia mutoto wangu. Padri alisoma jina moja, tukaligawana, na likatosha.

Rudi Noeli na batoto. Nimeweka sombe, majani ya mihogo.

Mama Muderhwa